Aliyeshika Upondo Wangu

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana nikishaanza sitaki kuona meno ya mtu. Nimeshachekwa vya kutosha pale Chuno, na mashoga zangu, na mawifi zangu, hata na muuza mihogo wa mtaani kwetu. Wanasema nilipigwa na jua. Jua gani? Ilikuwa asubuhi ya ukungu, jua lenyewe halijatoka, na mimi nilikuwa na akili zangu timamu. Nilikuwa na hasira, hilo sikatai. Lakini hasira haimfanyi mtu aone kisichokuwepo. Mume wangu yuko hai, kamuulize. Hatakujibu, ila utamwona usoni.

Mume wangu anaitwa Issa. Mimi namwita Baba Rukia, yeye ananiita Mama Rukia, kwa ajili ya binti yetu ambaye hubaki na bibi yake tukisafiri. Kazi yetu ni boti, lakini usifikiri ya kuvua. Ni duka. Tunapakia Mikindani ndoo, sabuni, betri, taa za sola, sufuria na kanga, tunazunguka nazo pwani nzima: Msangamkuu, Msimbati, vijiji vya Mnazi Bay, halafu tunaingia mlango wa Ruvuma na kupanda na mto mpaka kwa wakulima wa mpunga. Tunarudi na mchele na samaki wakavu. Tunalala humo humo chini ya turubai, tunapika humo humo, jiko la mkaa limekaa kwenye karai la mchanga. Wageni wakituona kule Msimbati wanatupiga picha, wanadhani tuko fungate. Fungate! Wangenisikia ninavyomsema, wangeficha simu zao.

Sasa nikueleze tunavyoendesha, uelewe mbele ya safari. Issa anakaa nyuma kwenye mashine. Mimi nasimama mbele na upondo, ule mti mrefu wa kupimia maji. Katikati yetu kuna mzigo umepanda mpaka usawa wa kifua, kwa hiyo maji ya mbele Issa hayaoni. Anakwenda kwa sauti yangu. Nikichomeka upondo nikaona maji mafupi, naita "Goti!" Yakiongezeka, "Kiuno!" Halafu "Kifua!" Upondo ukikosa chini kabisa naita "Haina!" na yeye anafungulia mashine tuondoke. Mchanga wa Ruvuma hauna adabu, leo uko hapa, kesho uko kule, na asiyepima anakwama. Miaka yote hiyo mume wangu ameongozwa na sauti yangu. Hilo ulishike.

Jambo jingine, bora nikwambie mwenyewe kuliko usikie kwa watu: mimi nina wivu. Nina wivu hasa, wa kutosha mtaa mzima. Na wewe ungekuwa na mume kama Issa ungekuwa nao, usijifanye. Mwanamume ana sauti ya kubembelezea mtoto, na akifika kijijini anauza ndoo kama anachumbia. "Mrembo, ndoo hii ilikuwa inakungoja wewe tu." Mrembo mwenyewe bibi kizee, meno yameshaaga, lakini anacheka na ndoo anabeba. Biashara, anasema Issa. Mimi nakaa pembeni ya mzani, nimekunja uso, naangalia nani amecheka kupita kiasi.

Safari ile tulikuwa na doti moja ya kanga ya zambarau, maua makubwa, pindo jeusi. Niliipenda tangu tunapakia. Nikamwambia, Baba Rukia, hiyo usiuze, ni yangu. Akasema, imeshakuwa yako. Nikaificha chini kabisa ya mzigo, nikaifunika na magunia. Tukafika kijiji kimoja cha mtoni anakokaa Somoe. Somoe ni mjane, mrefu, ana shingo, na anajua kuwa ana shingo. Mimi nikaenda kisimani kuteka maji. Kurudi, namkuta Somoe ukingoni, kanga yangu ya zambarau iko begani kwake, anacheka. Na Issa anacheka.

"Mwanawe anatoka unyagoni," Issa akaniambia tulipobaki wawili. "Mwali atolewe nje na kanga kuukuu, Mama Rukia? Kwenu mnafanya hivyo?"

"Na mimi nitatoka na nini?"

"Wewe ulishatoka zamani."

Akacheka peke yake. Mimi nikajiuliza, kama ni ya mwali, mbona mama ndiye anayeijaribu? Tena mbele ya mume wa mtu? Basi safari nzima ya kushuka mto sikumsemesha ila kwa kazi. Goti. Kiuno. Kifua. Ugali nilimwekea bila karibu. Na usiku tulipofunga boti kando ya mikoko, pale mto unapokutana na bahari, nikalala nimempa mgongo, na mgongo wenyewe haukulala.

Asubuhi maji yalikuwa yamekupwa. Boti imekaa juu ya fungu la mchanga kama kuku aliyelalia mayai, na ukungu umeshuka mpaka ukisimama mbele huoni mashine nyuma. Simu ililia mara moja tu, ujumbe wa kutukaribisha Msumbiji, kisha ikapoteza mtandao. Hapakuwa na la kufanya ila kungoja maji yajae. Basi nikaanza. Nilianzia kwenye kanga, nikaenda kwenye shingo ya Somoe, nikarudi mpaka kwa yule mwanamke wa Msimbati wa mwaka juzi. Issa alikuwa anapiga mswaki. Akatema, akasema taratibu, tena kwa utani:

"Mama Rukia, hivi huwezi kuamka siku moja ukanyamaza?"

Weee! Ningepigwa kofi nisingesikia uchungu ule. Nikachukua upondo wangu, nikashuka, nikausimika kwenye mchanga mbele ya boti. Nikavua kanga niliyojitanda, nikaifunga juu ya upondo. Nikapaza sauti, "Haya, nimenyamaza! Nafasi hiyo hapo, anayeitaka aichukue! Ampimie maji huyu bwana!"

Nilitaka Issa asikie. Sikufikiria kama kuna mwingine anasikia.

Ngoja nikueleze nilichokifanya. Watu wa boti wa kwetu, mtu wa mbele akishuka, anaulaza upondo ndani, ncha yenye maji ielekee nyuma. Hata akishuka kwenda haja, anaulaza kwanza. Upondo hausimikwi nje ukavikwa nguo isipokuwa siku moja tu, siku ambayo mtu wa mbele amefariki. Ndiyo alama ya msiba, na ndiyo namna ya kuwaambia watu kwamba nafasi iko wazi, boti inatafuta mtu. Mimi haya nayajua, nimeolewa ndani yake. Issa naye alijua, maana utani ulimwisha pale pale.

"Mama Rukia, ng'oa huo upondo," akasema.

"Mwambie Somoe aje aung'oe."

Nikachukua ndoo nikaondoka zangu kuokota chaza kwenye mizizi ya mikoko. Sikwenda mbali, nilitaka aniite. Ningeitwa mara moja tu ningerudi, haki ya Mungu. Nikaokota chaza mmoja, nasikiliza. Nikaokota mwingine, nasikiliza. Kimya. Nikasema moyoni, haya, ameona raha. Nikaendelea kuokota kwa hasira, mpaka nikahisi maji yananilamba vidole vya miguu. Yalikuwa yameanza kujaa, na upande wa boti, ulio chini zaidi, yalishatangulia.

Nikageuka nifuate nyayo zangu. Nilizikuta, ziko wazi kabisa kwenye mchanga. Lakini pembeni yake kulikuwa na nyayo nyingine. Na mimi mguu wangu wa kushoto nina kidole kidogo kilichopinda nje, nilikivunja utotoni. Nyayo zile nazo zilikuwa na kidole kilichopinda nje. Ila zangu zilitoka kwenye boti. Zile zilitoka majini, zikapanda fungu, zikaenda moja kwa moja mpaka pale niliposimika upondo. Hazikurudi.

Na boti haipo, wala mashine sikuisikia ikiwaka. Upondo haupo, kanga haipo. Kimebaki kishimo kimejaa maji.

Unadhani nililia? Sikulia. Kitu cha kwanza nilichofikiria, nisamehe, ni Somoe. Nilijua ametufuata na mtumbwi, wameniacha pale niliwe na mamba. Wivu ulinifika kabla ya hofu. Ndipo nikasikia mashine, polepole, ikija upande wangu ndani ya ukungu. Na sauti mbele yake.

"Kiuno, bwana wangu. Kiuno tena. Taratibu hapo, mume wangu, kifua."

Ilikuwa sauti yangu. Wallahi nakwambia, sauti yangu mwenyewe, hii unayoisikia, ila imeoshwa. Haina kukwaruza. Na mimi katika maisha yangu sijawahi kumwita Issa bwana wangu. Kwa lipi?

Boti ikatokea, ikapita karibu na fungu, kiasi kwamba ningerusha chaza ningewapata. Mbele nimesimama mimi. Kanga yangu begani, kilemba changu kichwani nilivyokifunga jana, kovu langu la mkono lile la mafuta ya moto. Anachomeka upondo, anauvuta, anachomeka tena. Na upondo unatoka majini mkavu. Hautoi hata tone. Unaingia kwenye maji ya kifua na kutoka kama umetoka darini.

Yule mtu akageuza shingo akaniona. Nikwambie kilichonitisha? Macho hayakuwa mekundu, meno hayakuwa marefu, hakuna hayo mnayohadithiwa. Aliniangalia vile mimi ninavyowaangalia wanawake wa vijijini. Kutoka miguuni mpaka kichwani, halafu akabetua mdomo. Jamani! Mwanamke amevaa sura yangu, ananionea wivu mume wangu!

"Baba Rukia!" nikaita. "Baba Rukia, mimi huku!"

Issa akanyoosha kichwa juu ya mzigo. Aliniangalia. Akaniangalia mimi, mke wake, na hakunitambua. "Nani huyo?" akauliza.

"Mteja tu, bwana wangu," yule akajibu. "Tutampitia tukirudi. Haina hapa, fungulia."

Na Issa akafungulia mashine. Sasa elewa: upande ule waliouelekea hakuna njia. Kuna kizingiti cha mchanga mlangoni, maji ya mto yanapigana na mawimbi ya bahari, na boti iliyojaa mzigo ikiingia pale haitoki. Mlio wa mawimbi nilikuwa nausikia. Yeye Issa na mashine yake hausikii, anasikia "Haina, bwana wangu, haina" tu. Na mimi maji yamefika magotini, fungu linakwisha.

Nikamwomba. Nikalia sasa, nikamwita kwa jina lake, nikasema nimekosa, rudi, nakuomba mume wangu. Hakugeuka. Na angegeukaje? Sauti yangu ya kuomba haijui, hajawahi kuisikia! Boti ikaanza kumezwa na ukungu. Nikamwona yule mwanamke anaweka upondo kando, anaegemea mzigo, anamchekea mume wangu.

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Sikumkumbuka mamba, wala mawimbi, wala dua niliyofundishwa. Nilichokumbuka ni kanga.

"Issa weee! Kanga yangu ya zambarau iko wapi? Ulisema ni yangu! Nimeificha chini ya magunia, umeifukua mwenyewe kwa mikono yako ukampa Somoe! Na yule wa Msimbati ulimpa sufuria, unadhani nimesahau? Na huyo uliyempakia mbele unamchekea nini? Shingo hana, anayo yangu! Leo utanieleza, hata ukifika Msumbiji utanieleza! Mimi ninyamaze? Thubutu! Ninyamaze nimekufa?"

Mashine ikazima.

Yakabaki mawimbi tu. Kisha sauti ya Issa, ndogo, kama mtu aliyeamshwa: "Mama Rukia?"

"Nani mwingine!"

Alipotazama mbele, hakukuwa na mtu. Upondo ulikuwa unaelea pembeni ya boti na kanga yangu imefungwa juu yake kama nilivyoifunga mimi. Povu la kizingiti aliliona kwa macho, karibu kabisa. Akageuza boti kwa kasia, hakuthubutu kuwasha mashine, akanifuata kwa matusi yangu. Sikuyakatisha. Alinivuta ndani maji yakiwa kiunoni, akanishika uso kwa mikono miwili, akaangalia mguu wangu wa kushoto, akaniangalia tena. Tulikaa chini ya turubai wote wawili mpaka ukungu ukainuka.

Nikamuuliza ilikuwaje. Akasema nilirudi. Alikuwa anashuka kuja kuung'oa ule upondo, akaniona natoka kwenye ukungu nimeshaushika. Nikanawa miguu, nikapanda, nikasema nimekosa, mwali wa Somoe anastahili kanga mpya. Nikamsifia kazi yake. Nikamwambia anachoka, aje aoge maji ya moto tukifika nyumbani.

"Na wewe ukaamini?" nikamuuliza. "Mimi? Niseme nimekosa?"

Akainuka, akaanza kufunga turubai.

Tulisomewa dua Mikindani, tukafukiziwa boti. Upondo ule tuliuchoma, tukakata mwingine. Kanga ile niliyoifunga juu yake niliigawa, na aliyepewa alinirudishia, akasema haikauki. Kazi hatukuacha, mtoto anakula nini? Lakini Issa amebadilika. Siku hizi mtoni hatanii wateja. Anauza ndoo kama serikali. Na mimi, ungefikiri ningefurahi, sivyo? Nilifurahi kidogo. Halafu nikaona namna anavyonisikiliza nikipima maji. Naita "Kiuno!" na yeye anainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayengoja neno limaliziwe.

Tulikuja kukaa nyumbani Chuno sikukuu ya Idd, tunakula pilau, na Rukia na utoto wake akamuuliza baba yake, baba, ilikuwaje hukumjua mama? Mimi nikacheka. Nilitaka kusema ukungu, mwanangu, ulikuwa mzito.

Issa hakuinua macho. Akasema, "Nilijua. Upondo ulikuwa mkavu."

"Ulijua lini?" nikamuuliza.

"Tangu tunaondoka."

Akanawa mikono, akaenda msikitini.

Sasa niambie wewe unayejua mambo. Somoe ningemfuata kwake, tungetukanana, tungeshikana vilemba, watu wakatuamulia, yakaisha. Huyu nikampigie wapi? Ana uso wangu, ana kovu langu, ana mguu wangu. Alikaa na mume wangu asubuhi moja tu, akampa upole ambao mimi sina, na mume wangu akaona upondo mkavu, akafungulia mashine. Ndiyo wivu nilionao leo. Ule wa zamani ulikuwa mchezo.

Kwa hiyo dada yangu, kama nawe una chombo na mumeo, au una nyumba tu, nisikilize. Gombana naye. Mseme mpaka masikio yamuume, ni haki yako. Lakini mseme ukiwa umesimama mahali pako, umeshika chako mkononi. Usishuke, usivue nguo yako ukaitundika, na usiseme kwa sauti kwamba nafasi iko wazi. Sauti inafika kwa usiowajua. Na wewe kaka, mkeo akirudi kwako mpole ghafla, anakuita majina matamu, usikimbilie kufurahi. Angalia kwanza kama alichoshika kimelowa.

Sisi mlango wa Ruvuma bado tunaupita, njia ni hiyo hiyo. Tukikaribia lile fungu, naanza ugomvi wa kanga ya zambarau, hata kama tulikuwa tunacheka. Issa hanikatazi. Ila kuna pahali, kwenye kona ya mikoko, huwa anapunguza mashine bila sababu, anageuza sikio upande wa ukungu. Hapo ndipo mimi huongeza sauti.